Mshenga Asiyechoka: Historia ya Kupima Metali Chache Mno Kwenye Maji Yanayotiririka

Chukua bwawa la kuogelea la Olimpiki: mita 50 kwa 25, kina mita 2. Lijaze maji ya bahari yaliyotekwa juu juu katikati ya Pasifiki, mbali kabisa na nchi kavu. Halafu jiulize: humo ndani kuna chuma kiasi gani?

Maji ya namna hiyo huwa na takriban nanomoli 0.1 za chuma kwa lita. Hesabu usijali, tumekwisha kukupigia. Bwawa zima, lita milioni 2.5, lina miligramu 14 hivi za chuma. Punje moja ya mchele mbichi ni nzito kuliko hapo.

Sasa tuongeze ugumu. Hulipimi bwawa zima. Una kichupa kimoja cha maji, uko ndani ya meli inayoyumba, na meli yenyewe imejengwa kwa chuma. Kutu iko kwenye ngazi, kwenye kamba za winchi, kwenye vumbi linaloelea hewani. Na jibu unalitaka leo, kabla meli haijaondoka mahali hapo.

Inawezekana. Imekuwa ikifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na makala hii inaeleza watu walifikaje huko. Ni historia ya mawazo mawili yaliyokua mbalimbali kwa miongo mingi: wazo la kichocheo, na wazo la kupima kitu kikiwa kinatiririka. La kwanza lilikuwa na ugonjwa mmoja sugu, na dawa yake ilikuwa kwa la pili.

Mshenga na harusi zake

Kabla ya majina na miaka, tuelewane kwanza kuhusu kichocheo.

Tuseme kuna kijiji chenye wavulana mia na wasichana mia. Wote wamefikia umri, wote wanataka, lakini hakuna anayethubutu kuanza. Anakuja mshenga. Anapeleka posa nyumba ya kwanza, mambo yanakubalika, harusi inafungwa. Yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Anatoka alivyoingia, anakwenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne.

Kichocheo ndivyo kilivyo. Atomi moja ya chuma inakutanisha molekuli mbili ambazo zenyewe zingechelewa sana kumenyuka, kisha inaachwa huru na kwenda kukutanisha nyingine. Mmenyuko unaenda haraka, kichocheo hakiishi.

Sasa ona faida yake kwa mtu wa vipimo. Washenga ni wachache na hawaonekani. Harusi ni nyingi na zina ngoma na vigelegele. Ukitaka kujua kijiji kina washenga wangapi, huna haja ya kuwasaka mmoja mmoja: hesabu harusi. Kwenye kemia, tukichagua mmenyuko ambao zao lake lina rangi kali au linatoa mwanga, basi atomi chache za metali ambazo hakuna jicho lingeziona zinajulikana kwa molekuli nyingi za rangi zilizozalishwa.

Lakini hapo pana mtego. Utahesabu lini? Ukirudi baada ya miaka kumi utakuta kila mtu ameoa, awe mshenga alikuwa mmoja au walikuwa watano. Jibu limepotea. Ni lazima uhesabu harusi za muda maalumu: za mwezi mmoja, tuseme, wala usizidishe siku.

Shika jambo hili, maana ndilo linaloendesha historia yote inayofuata. Mbinu nyingi za kemia ya uchambuzi zinakutaka usubiri hadi mmenyuko ukamilike ndipo usome jibu. Mbinu ya kichocheo haikuruhusu. Jibu lake liko kwenye kasi, na kasi haina maana bila saa.

Berzelius, Fenton na ile zambarau

Mwanzoni mwa karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa wamekusanya visa kadhaa vya ajabu. Mfaransa Louis Jacques Thénard, aliyegundua haidrojeni peroksaidi mwaka 1818, aliona kwamba kimiminika hicho kinatoa mapovu kikiguswa na metali fulani, na metali zenyewe hazipungui. Mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner alipuliza gesi ya haidrojeni kwenye platinamu ya ungaunga, gesi ikashika moto. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi akasema visa hivi ni jambo moja, akalitungia jina kutoka Kigiriki. Sisi tunasema kichocheo, na neno limekaa vizuri: mchochea moto anasukuma kuni ndani, moto unapanda, lakini yeye mwenyewe haungui.

Miaka 41 baadaye, mwaka 1876, kijana mmoja wa Cambridge aitwaye Henry Fenton aliandika taarifa fupi kuhusu rangi. Ukichukua asidi ya tatariki (ndiyo inayochachusha ukwaju), ukaiwekea chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi, kisha ukaongeza alkali, unapata zambarau nzuri. Mwaka 1894 alichapisha maelezo kamili, akionyesha kwamba chuma kidogo sana kinatosha kuendesha kazi yote.

Fenton hakuwa akitafuta namna ya kupima chuma baharini. Lakini wawili hao, chuma na peroksaidi, tutakutana nao tena karne moja baadaye ndani ya mrija mwembamba katikati ya Pasifiki.

Saa ya Kolthoff na Sandell

Aliyeuona mtego wa muda na kuugeuza kuwa kifaa ni Izaak Kolthoff, Mholanzi aliyehamia Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1927, pamoja na mwenzake Ernest Sandell. Mwaka 1934 walichapisha njia ya kupima iodini. Iodini si metali, ni kweli, lakini kanuni ni hiyo hiyo, na ndiyo iliyofungua mlango.

Walichukua myeyusho wa seriamu wenye rangi ya manjano na kuuchanganya na aseniki. Viwili hivi vikiachwa peke yake vinamenyuka polepole mno. Tia chembe ya iodini: manjano inaanza kufifia. Iodini ikiwa nyingi inafifia upesi, ikiwa kidogo inakawia. Kwa hiyo unashika saa, unaangalia rangi inachukua muda gani kuondoka, na muda huo unakupa kiasi cha iodini. Wenyewe waliiita njia ya kronometri, yaani ya kupima kwa saa.

Usidhani hii ni hadithi ya kale iliyobaki vitabuni. Mmenyuko wa Sandell na Kolthoff bado ndio unaotumika katika maabara nyingi duniani kupima iodini kwenye mkojo, na kipimo hicho ndicho kinachowaonyesha wataalamu wa lishe kama jamii fulani inapata iodini ya kutosha. Kwenye nyanda za juu za Tanzania, ambako uvimbe wa shingo tunaouita goita ulikuwa tatizo kubwa kabla ya chumvi kuanza kuwekewa madini joto, swali hilo lilikuwa la maisha ya watu kabisa. Pakiti ya chumvi iliyoandikwa “ina madini joto” jikoni kwenu ina undugu na saa ile ya Minnesota.

Basi mbona njia ya namna hii haikuenea mara moja kwa metali zote? Mwaka 1963 mwanakemia wa Kisovieti Konstantin Yatsimirskii alitoa kitabu kizima cha Kirusi kuhusu mbinu za kupima kwa kasi ya mmenyuko, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1966. Nadharia ilikuwepo. Orodha ya metali zinazoweza kupimwa hivyo ilikuwa ndefu: chuma, manganizi, shaba, kobalti, vanadi na nyinginezo. Kilichokuwa kinaharibu kazi ni mikono ya binadamu.

Fikiria una sampuli 40. Kila moja unaimiminia kemikali, unawasha saa, unatikisa, unasoma rangi kwenye sekunde ya 60 barabara. Sampuli ya 17 umechelewa sekunde tatu. Ya 23 umeitikisa zaidi. Mchana chumba kimepata joto, na mimenyuko mingi huongeza kasi kama mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, kwa hiyo sampuli za alasiri zinaonekana zina metali nyingi kuliko za asubuhi. Na kila unapofungua kifuniko, vumbi linaingia na washenga wake. Namba unazopata mwishoni zinaeleza habari za mikono yako kuliko habari za maji.

Mapovu ya Cleveland, Lego za Lyngby

Dawa ilitoka upande ambao watu wa vichocheo hawakuwa wakiutazama: hospitalini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maabara za hospitali za Marekani zilielemewa na vipimo vya damu. Leonard Skeggs, aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, alichoka kuona kila sampuli ikiandaliwa kwa mkono kwenye testityubu yake. Akajiuliza: kwani lazima kila sampuli iwe na chombo chake? Kwa nini zisifuatane ndani ya mrija mmoja, kama mabehewa ya treni? Akatumia pampu inayokamua mirija laini, akaingiza mapovu ya hewa kati ya sampuli na sampuli ili zisichanganyikane, na kemikali zikawa zinaungana na sampuli njiani kwenye makutano ya mirija. Alichapisha wazo hilo mwaka 1957, na kampuni ya Technicon ikauza mashine yake kwa jina la AutoAnalyzer. Hospitali zikaipokea kwa mikono miwili.

Mapovu yalikuwa na usumbufu wake. Hewa inabanika, mtiririko unasitasita, na ni lazima uyaondoe mapovu kabla ya kusoma rangi. Mwaka 1975, kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kilichopo Lyngby, Jaromir Růžička na Elo Hansen walitoa makala iliyosema jambo lililoonekana kama utani: toeni mapovu.

Wao walipitisha kimiminika bila kukatiza ndani ya mrija mwembamba, kisha wakachoma sampuli ndogo katikati ya mtiririko kwa sindano ya kawaida. Sampuli inasafiri, inatawanyika kidogo na kuchanganyika na kemikali iliyo jirani yake, inapita mbele ya kipima rangi, na kwenye karatasi unaona kilele kimoja kinapanda na kushuka. Mambo yote yanaisha ndani ya dakika moja hivi. Mitambo ya awali waliijenga juu ya vipande vya Lego, ndiyo, zile zile za watoto, kwa sababu mirija na viungio vinashikamana vizuri juu yake na ukitaka kubadili mpangilio unabomoa na kujenga upya.

Watu waliwauliza: mbona mchanganyiko haujakamilika? Mbona mmenyuko haujaisha? Jibu lao ndilo kiini cha mambo. Haina haja uishe. Kinachotakiwa ni kwamba kila sampuli itendewe sawasawa kabisa: mrija ule ule, urefu ule ule, kasi ile ile ya pampu. Kama sampuli yako na myeyusho rejea unaoujua vimesafiri safari ile ile kwa sekunde zile zile, unaweza kuvilinganisha bila wasiwasi.

Unaona kilichotokea hapo? Mbinu ya kichocheo ilikuwa inalilia saa isiyokosea, na mrija umegeuka kuwa saa hiyo. Urefu wa mrija ukigawanywa kwa kasi ya maji unakupa muda wa mmenyuko, na muda huo haubadiliki kwa sababu mpimaji amechoka au ameitwa kwenye simu. Halafu mrija umefungwa, vumbi haliingii. Na ukiuzungusha kwenye chombo chenye joto lisilobadilika, tatizo la joto nalo limekwisha.

Wakati huo huo, baharini

Lakini nani alikuwa na haja ya kupima metali chache kiasi hicho? Turudi nyuma kidogo.

Kuna maeneo makubwa ya bahari yenye fumbo. Pasifiki ya kaskazini karibu na Alaska, Pasifiki ya ikweta, na bahari inayoizunguka Antaktika zina mbolea tele: naitreti na fosfeti. Kwa haki zingekuwa za kijani kwa vijimea vidogo vinavyoelea, fitoplanktoni, ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha bahari. Lakini vijimea ni vichache. Mwaka 1931 Haaken Hasberg Gran wa Norway alishuku kwamba kinachokosekana ni chuma. Wazo zuri. Ila hakuna aliyeweza kulithibitisha, kwa sababu kila aliyepima chuma baharini alikikuta kingi.

Walikuwa wanapima meli zao wenyewe.

Piga hesabu hii. Mikrogramu 1 ya kutu, kijivumbi usichokiona, ikidondoka kwenye lita moja ya maji inaweza kuongeza zaidi ya nanomoli 10 za chuma. Tumesema maji yenyewe yana nanomoli 0.1. Kijivumbi kimoja kimeyazidi maji mara mia. Clair Patterson, mwanajiokemia aliyekadiria umri wa Dunia kuwa miaka bilioni 4.55 mwaka 1956, alikuwa amekwisha onyesha jambo hilo hilo kwa risasi: vipimo vingi vya risasi duniani vilikuwa vimechafuliwa na maabara zenyewe. Alijenga vyumba safi, akaosha vyombo kwa asidi, akachekwa na wengi, na mwishowe akaonekana mkweli.

John Martin wa Maabara ya Bahari ya Moss Landing, California, aliufuata mwendo huo kwa chuma. Chupa za kutekea maji zilizopakwa plastiki ndani, kamba zisizo za chuma, vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Mwaka 1988 yeye na Steve Fitzwater walichapisha matokeo kutoka Pasifiki ya kaskazini mashariki: chuma ni kidogo mno, na maji ya huko yakiongezewa chuma ndani ya chupa, vijimea vinashamiri. Mwaka huo huo alitania mbele ya wanasayansi wenzake kwamba wakimpa nusu ya meli ya mizigo iliyojaa chuma atawaletea zama za barafu, maana vijimea vikishamiri vinafyonza kaboni dioksaidi. Baadhi walicheka. Wengine hawakucheka hata kidogo.

Ubaya ni kwamba kupima kwenyewe kulichukua muda mrefu. Sampuli zilibebwa hadi maabara ya nchi kavu. Kama chupa ilichafuka, unagundua wakati bahari iko maelfu ya kilomita nyuma yako.

Ndoa yenyewe

Hapo ndipo vichocheo na mtiririko vilipokutana rasmi na bahari. Mwaka 1987 Carole Sakamoto-Arnold na Kenneth Johnson walionyesha kwamba kobalti ya bahari inaweza kupimwa hadi kiwango cha pikomoli, yaani sehemu ya elfu ya nanomoli, kwa mmenyuko unaotoa mwanga ndani ya mrija. Mwaka 1991 Virginia Elrod, Johnson na Kenneth Coale wakafanya hivyo kwa chuma. Mwaka 1992 Joseph Resing na Michael Mottl wakaleta njia ya manganizi: rangi iitwayo malakaiti ya kijani huanza ikiwa haina rangi, na manganizi inaichochea igeuke kijani. Manganizi hutoka kwa wingi kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, zilizogunduliwa karibu na Galápagos mwaka 1977, kwa hiyo mtu aliye melini akiona kilele cha kijani kinapanda anajua kwamba chemchemi iko jirani. Mwaka 1993 Hajime Obata na wenzake wa Japani wakatumia luminoli, ambayo hung'aa rangi ya buluu chuma kinapochochea peroksaidi. Kisha mwaka 1995 Christopher Measures, Resing na mwenzao wakachapisha njia rahisi ya rangi, ambayo tutaikagua kwa karibu.

Fuata tone moja

Maji yako ya bahari yametiwa asidi kidogo ili chuma kisigande kwenye kuta za chupa. Pampu inayavuta. Njiani yanachanganywa na kemikali ya kurekebisha uchachu, kisha yanaingia kwenye safu ndogo ya resini. Juu ya resini hiyo imebandikwa molekuli inayopenda kushika metali kama chuma. Sodiamu na klorini, ambazo ni mabilioni ya mara zaidi, zinapita zao, chuma kinanasa. Unaendelea kupitisha maji kwa dakika kadhaa, na chuma cha maji mengi kinarundikana kwenye kisafu kidogo kuliko kidole.

Vali inageuka. Sasa inapita asidi, kiasi kidogo tu, inakibandua chuma chote kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo unakutana na haidrojeni peroksaidi (Thénard huyo, na Fenton huyo) pamoja na kemikali iitwayo kwa kifupi DPD. Peroksaidi ikiachwa na DPD inakawia. Chuma kinawaunganisha, na DPD inageuka waridi. Umewahi kuona mtu wa idara ya maji akidondosha kidonge kwenye maji ya bomba na maji yakawa waridi ili ajue klorini imebaki kiasi gani? Humo kuna ndugu wa karibu wa kemikali hii.

Mchanganyiko unazunguka kwenye mrija uliokunjwa, wenye joto lililodhibitiwa, halafu unapita mbele ya mwanga wa kijani. Waridi hufyonza mwanga wa kijani, kilele kinachorwa, vali inarudi mwanzo. Dakika chache tu, na unajua chuma cha maji ambayo bado unayaona kupitia dirisha la meli.

Nani alisema kazi imeisha, lakini? Resini inaongeza mara kadhaa, kichocheo kinaongeza zaidi, na vyote viwili havibagui: vinaukuza na uchafu ulio kwenye kemikali zako mwenyewe. Peroksaidi iliyonunuliwa dukani inakuja na chuma chake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya siku ya mpimaji inakwenda kwenye kusafisha kemikali na kupima sampuli tupu, isiyotakiwa kuwa na chuma, ili ajue atoe kiasi gani kwenye jibu.

Bahari ikageuka kijani

Martin hakuliona jaribio lake kubwa. Alifariki Juni 1993. Oktoba mwaka huo wenzake walikwenda kusini mwa Galápagos, wakamwaga takriban kilo 450 za chuma katika eneo la kilomita za mraba 64. Chuma kilipanda hadi nanomoli 4 hivi, na klorofili ikaongezeka mara tatu kabla ya maji mengine mepesi kulifunika eneo hilo. Mwaka 1995 walirudi, safari hii wakamwaga kwa awamu tatu ndani ya wiki moja, na maji ya buluu yakageuka kijani mbele ya macho yao. Shuku ya Gran ya mwaka 1931 ilikuwa imethibitishwa baharini kwenyewe, baada ya miaka 60 na zaidi.

Jaribio la namna hiyo lisingewezekana kwa kupeleka chupa nyumbani. Doa la maji linasogea na mkondo, linatanuka, linafifia. Ni lazima ujue leo chuma kimebaki kiasi gani ili uamue kama kesho utaongeza.

Tangu hapo kumekuwa na watu wanaotaka kurutubisha bahari kibiashara na kuuza kaboni inayodhaniwa kuzama. Mwaka 2008 nchi zilizo chini ya Mkataba wa London wa kuzuia utupaji wa taka baharini zilikubaliana kwamba urutubishaji usiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali. Mjadala bado unaendelea, na kila upande unashika namba mkononi. Kwa hiyo swali la nani amepima, na amepimaje, limetoka maabara likaingia kwenye siasa.

Namba za nani tuziamini?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 maabara nyingi zilikuwa zinapima chuma, na majibu hayakukubaliana. Kila mtu aliamini njia yake. Mwaka 2004 safari ya utafiti iitwayo SAFe ilikwenda Pasifiki ya kaskazini, ikateka maji mengi ya juu na ya kina, ikayachanganya vizuri na kuyagawa kwenye mamia ya chupa, zikasambazwa kwa maabara mbalimbali. Wapimeni wote, tuone. Wa mwanga, wa rangi, na wa mashine kubwa za kupima uzito wa atomi. Majibu yaliposogeleana, maji ya juu yalikutwa na takriban nanomoli 0.09 na ya kina 0.9 hivi. Leo mwanafunzi yeyote wa fani hii anapima chupa ya rejea pamoja na sampuli zake. Asipoipata namba inayojulikana, hana ruhusa ya kuamini namba asiyoijua. Mradi wa kimataifa wa GEOTRACES, unaochora ramani ya metali katika bahari zote, umejengwa juu ya adabu hiyo.

Mashine kubwa za kupima uzito wa atomi zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya nchi kavu. Zinapima metali kadhaa kwa mpigo mmoja. Lakini ni ghali, zinahitaji umeme usiotetereka na gesi safi, na hazipendi meli inayoyumba. Mfumo wa mrija unahitaji pampu, vali, resini, taa na kipima mwanga. Vingi kati ya hivyo vinaweza kukaa juu ya meza moja.

Na hapo ndipo wewe unayesoma kemia unapoingia, hata kama hujawahi kupanda meli ya utafiti. Kama chuoni kwenu kuna kipima rangi cha kawaida na pampu moja, una nusu ya mtambo. Nusu iliyobaki ni ya uvumilivu: muda ule ule, joto lile lile, sampuli tupu kila mara, na chupa ya rejea kabla ya kutangaza jibu. Mshenga atafanya kazi yake bila kuchoka. Wewe hesabu harusi kwa wakati.